Ngazi ya pili ya mafunzo ya maporomoko ya theluji

Vijana kadhaa wa kwetu, waliozaliwa Goma na Bukavu na sasa wanasoma au kufanya kazi Lausanne, Grenoble, Montréal na Calgary, wameingia katika mchezo ambao wazazi wao hawakuwahi kuuwazia: kupanda mlima wenye theluji kwa nguvu za miguu na kuteremka kwa ski au kwa ubao, mbali na vituo vya michezo, mahali ambapo hakuna lifti, hakuna kibao cha onyo, wala mfanyakazi wa kufunga njia asubuhi yenye hatari. Wengi wao wamekwisha kupita kozi ya kwanza ya usalama. Swali wanaloniandikia ni moja, hata likija kwa maneno tofauti: je, ngazi ya pili inastahili fedha inayodaiwa, ilhali ya kwanza ilikwisha kuwafundisha vifaa, taarifa ya hatari na namna ya kumtafuta mwenzao aliyefukiwa?

Nilipitia ngazi zote mbili nilipokuwa mwanafunzi katika Alpi za Ufaransa, na tangu nirudi Goma nimekuwa nikisindikiza watu milimani, kazi ambayo imenifanya niyarudie mafunzo yale mara nyingi kuliko nilivyotarajia. Jibu langu ni ndiyo, lakini kwa sababu ambayo matangazo ya kozi hayaitaji sana. Ngazi ya kwanza humfundisha mtu kuona hatari. Ya pili humfundisha kuamua, tena pamoja na wenzake, mapema, kabla hawajasimama juu ya mteremko mzuri ambapo hamu itawaamulia. Elimu ya theluji yenyewe huongezeka pia, tena sana, ila ndiyo sehemu ninayoithamini kidogo kuliko zote, na nitaeleza kwa nini.

Niseme mapema kwamba sijaribu kuileta theluji Kivu. Baada ya usiku wa mvua na baridi, Karisimbi yenye mita 4,507 huweza kuamka na kilele cheupe ambacho jua hukimaliza mapema, na barafu pekee ya kudumu ya nchi yetu iko kaskazini, kwenye Ruwenzori, ambako kilele cha Margherita kinafika mita 5,109. Hata hiyo inapungua mwaka hadi mwaka. Habari ninazozieleza ni za Alpi na za milima ya Kanada, nami nitaziacha huko, isipokuwa pale ambapo kuishi chini ya volkano ya Nyiragongo kumenifanya nizielewe kwa haraka zaidi.

Ngazi ya kwanza naipitia kwa kifupi. Hapo mtu huzoea vifaa vitatu visivyoachwa nyumbani. Kuna arva, kifaa kidogo kinachovaliwa kifuani ambacho hutuma ishara ya redio ya kilohezi 457 na kinaweza kugeuzwa kipokee ishara za wengine. Kuna sonda, fimbo nyembamba ya kukunjwa inayozidi mita mbili ikinyooshwa. Na kuna koleo la alumini. Hujifunza kusoma taarifa ya hatari ya siku, ambayo nchi za Ulaya tangu 1993 huitoa kwa ngazi tano zilezile, kutoka hatari ndogo hadi hatari kubwa sana. Hujifunza kwamba mabamba mengi ya theluji, yaani matabaka yaliyoshikamana yanayoteleza kwa pamoja, huvunjika kwenye miteremko ya kati ya nyuzi 30 na 45. Zaidi ya yote huambiwa kwamba, katika ajali takriban tisa kati ya kumi, poromoko lilianzishwa na aliyekamatwa mwenyewe au na mtu wa kundi lake. Ngazi ya pili yote imejengwa juu ya sentensi hiyo ya mwisho, kwa sababu kama ajali huanzishwa na watu, basi kitu cha kusomwa kwa makini kuliko vyote ni watu.

Nchini Ufaransa elimu hii ilipata taasisi yake baada ya msiba. Tarehe 10 Februari 1970, huko Val d'Isère, poromoko liliingia katika jumba la vijana wakati wa kifungua kinywa na kuua watu 39. Mwaka uliofuata ikaanzishwa ANENA, chama cha kitaifa cha kuchunguza theluji na maporomoko, chenye makao yake Grenoble, ambacho hadi leo kinafundisha waongoza milima, waokoaji na watu wa kawaida. Uswisi ilikuwa imetangulia, maana watafiti walianza kazi milimani, juu ya mji wa Davos, katika miaka ya 1930. Kanada ina ngazi zake mbili kwa wapenda michezo, na ya pili huchukua siku kadhaa milimani, wanafunzi wakiwa na vifaa vya kupandia mgongoni na wakipokezana kuongoza chini ya macho ya mwalimu. Majina ya vyeti hutofautiana. Kiini chake, kwa kadiri nilivyolinganisha, ni kilekile.

Sasa theluji yenyewe. Theluji haianguki mara moja ikabaki ilivyoanguka. Kila dhoruba huacha tabaka lake, na kila tabaka huendelea kubadilika likiwa limefunikwa na jingine. Ardhi iliyo chini hukaa karibu na nyuzi sifuri, wakati hewa ya juu usiku wa Januari yaweza kushuka hadi nyuzi 20 chini ya sifuri; theluji ikiwa nyembamba, tofauti hiyo yote hubanwa ndani ya sentimita chache, mvuke husafiri kutoka chini kwenda juu, na chembe zilizokuwa zimeshikana hugeuka kuwa vipande vyenye pembe, vikavu, visivyokubali kushikana hata ukivifinyanga mkononi. Kipimo ambacho wanafunzi hupewa ni nyuzi moja kwa kila sentimita 10: tofauti ya joto ikizidi hapo, mageuzi hayo huendelea. Kwa sababu hiyo majira yanayoanza kwa theluji kidogo na anga safi huacha udhaifu sakafuni ambao unaweza kudumu miezi, umefichwa chini ya kila kitu kizuri kitakachoanguka baadaye. Udhaifu mwingine huzaliwa juu kabisa: mvuke wa hewa huganda usiku wa anga safi, asubuhi unameremeta, kila mtu anaupiga picha, kisha dhoruba inayofuata inaufunika bila kuuvunja.

Upepo ndio hukamilisha kazi. Huichukua theluji upande mmoja wa kigongo na kuilaza upande wa pili, uliokingwa, ikiwa imesagwa na kushikamana kuwa bamba. Hapo mteremko unakuwa ubao mzito uliolazwa juu ya punje za mtama. Uzito wa mtu mmoja ukifika mahali ambapo bamba ni jembamba, tabaka dhaifu huporomoka chini ya miguu yake, mpasuko hukimbia pande zote kwa kasi ambayo hakuna mwanadamu anayeikimbia, na kwa kawaida mtu huyo hujikuta katikati ya bamba, akiwa na sehemu kubwa yake juu ya kichwa. Wakati mwingine mlima hutangulia kuonya: kishindo kizito cha chini kwa chini, theluji inashuka kidogo chini yako ingawa hujateremka popote, na nyufa zinatoka kwenye ncha za ski. Mwenye kusikia kishindo hicho hahitaji jaribio lingine lolote.

Majaribio hata hivyo yapo, na ndiyo yanayovutia watu ngazi ya pili. Mwanafunzi huchimba shimo, husoma matabaka kwa kidole na kwa kioo cha kukuzia, kisha hutenga nguzo yenye upana wa sentimita 90 na kina cha sentimita 30 kuelekea nyuma. Huweka bapa la koleo upande mmoja wa nguzo na kuligonga mara kumi kwa uzito wa kiganja tu, mara kumi kwa mkono kuanzia kwenye kiwiko, na mara kumi kwa mkono mzima kuanzia begani. Anachokitazama ni kama mpasuko, ukishazaliwa chini ya koleo, utavuka nguzo nzima au utafia njiani. Jaribio hili liliundwa na Ron Simenhois na Karl Birkeland katika miaka ya 2000, na lilikuwa hatua kubwa mbele, kwa kuwa mengi ya zamani yalionyesha urahisi wa kuuanzisha mpasuko bila kueleza kama utasafiri, na mpasuko usiosafiri haumfukii mtu.

Mashimo hayo yana uchawi wake. Mtu aliyechafua mikono yake na kuandika vipimo katika daftari hujiona amekwisha kuzungumza na mlima. Mwalimu mzuri huwaacha wanafunzi wafurahie kidogo, kisha huwapeleka hatua chache pembeni, kwenye mteremko uleule, wachimbe tena na wapate jibu tofauti. Upepo haulazi theluji kwa usawa; jiwe lililofichwa, kichaka au bonde dogo hubadilisha yote. Shimo linalotoa jibu baya ni sababu ya kutosha ya kurudi, lakini shimo linalotoa jibu zuri haliruhusu mtu aende mahali ambapo taarifa ya hatari na umbo la ardhi vilikwisha kumkataza. Nimewahi kusafiri na watu waliochimba hadi wakapata shimo lililokubaliana nao. Kazi ile haikuwa tena utafiti.

Kama ningelazimishwa kukata nusu ya kozi, ningekata mashimo na kuacha ardhi. Theluji hubadilika kila saa, pembe ya mteremko haibadiliki. Ramani za leo za Ufaransa na Uswisi huonyesha kwa rangi sehemu zote zinazozidi nyuzi 30, na mwanafunzi wa ngazi ya pili hutakiwa aisome ramani hiyo nyumbani, achore njia, kisha milimani apime kwa kifaa aone alivyokosea. Karibu kila mtu hukadiria pembe vibaya kwa macho. Hufundishwa pia kwamba kusimama kwenye nyuzi 25 hakutoshi ikiwa juu yako kuna nyuzi 38, kwa maana tabaka dhaifu linaweza kuporomokea pale tambarare ulipo na mpasuko ukapanda hadi kwenye mwinuko, ukaliangusha bamba lililokuwa mbali nawe. Anayepita chini ya mlima anahusika na mlima wote.

Halafu kuna mitego ya ardhi. Poromoko dogo, lenye theluji ya kumfikia mtu magotini, kwenye mteremko mpana unaomalizikia uwandani huenda likamwangusha tu na kumwacha akijikung'uta. Poromoko lilelile likimsukuma ndani ya korongo, juu ya genge au katikati ya miti, humfukia mita mbili au kumvunja. Mtu wa Goma hahitaji kuchorewa jambo hili. Tunaoishi karibu na ziwa, kuanzia mitaa ya magharibi ya mji kuelekea Bulengo na Sake, tumekua tukionywa kuhusu mazuku: hewa ya ukaa itokayo ardhini, nzito kuliko hewa ya kawaida, haionekani, inajikusanya katika mashimo na mabonde madogo, na mtoto au mbuzi anayeshuka humo hulala asiamke, huku mama aliyesimama hatua chache juu yake akipumua bila taabu. Hatari ni ileile hapa na pale. Kinachoamua nani anakufa ni umbo la ardhi. Mwalimu wangu alipoanza kueleza kwa nini korongo jembamba ni baya kuliko mteremko mpana, wenzangu waliuliza maswali mengi, mimi nikawa nawaza mazuku.

Kanada ililifanya wazo hilo kuwa utaratibu. Tarehe 1 Februari 2003 wanafunzi saba wa sekondari waliuawa na poromoko karibu na Rogers Pass wakiwa katika safari ya shule. Baada ya hapo mamlaka ya hifadhi za taifa ilizipanga njia za majira ya baridi katika madaraja matatu kufuata ardhi yake, kuanzia rahisi hadi ile yenye hatari nyingi zilizosongamana zisizokwepeka, ili kundi liweze kuoanisha ngazi ya hatari ya siku na daraja la mahali. Siku mbaya, ardhi rahisi. Ndivyo wanavyofundishwa, na kwa maoni yangu sentensi hiyo imeokoa watu wengi kuliko kioo cha kukuzia.

Upangaji wa safari ulipata sura yake kutoka kwa Werner Munter, mwongoza milima wa Uswisi. Yeye alipendekeza mambo matatu yatazamwe mara tatu: hali ya theluji na anga, ardhi, na watu, kwanza nyumbani kwa eneo lote, kisha mtu akifika na kuliona bonde kwa macho, mwisho kwenye kila mteremko mmoja mmoja. Mantiki yake ni kwamba swali gumu lisingoje hadi mwisho. Mwaka 1992 alitoa pia hesabu iliyowakasirisha wengi. Ngazi ya kwanza ya hatari hupewa uzito wa 2, ya pili 4, ya tatu 8. Kila kanuni unayokubali kuifuata, kama kukaa chini ya nyuzi 40, kuepuka miteremko inayoelekea kaskazini au kupeana nafasi, huigawanya namba hiyo, na jawabu halipaswi kuzidi 1. Wapinzani wake walisema kwamba hesabu hii haiiangalii theluji hata kidogo. Ni kweli, na hapo ndipo penye faida yake: haichoki, haina hamu ya kuteremka, na haimwogopi mtu yeyote kundini.

Nafika kwenye sehemu iliyonifaa zaidi. Mtafiti Ian McCammon alichunguza ajali 715 za wapenda michezo nchini Marekani zilizotokea tangu miaka ya 1970, akitafuta kwa nini watu wenye elimu huingia katika hatari ambayo alama zake zilikuwa wazi. Aligundua kwamba mahali walipopazoea, makundi yenye watu waliosomea yalijiweka katika hatari karibu sawa na yale ambayo hayakusoma kabisa. Mazoea yalikuwa yameifuta elimu. Aliitaja mitego mingine pia: kushikilia lengo lililokwisha kutangazwa, kutaka kupendeza machoni pa wenzako, kupata ujasiri kwa kuona makundi mengine yakipita, kuharakia theluji mpya kabla wengine hawajaikanyaga, na kumwachia maamuzi yote yule anayeonekana kuwa mjuzi, ambaye pengine ujuzi wake ni umri tu au sauti kubwa.

Mtego huo wa mwisho, kwetu, una mizizi mirefu. Tumelelewa kwamba mkubwa akisema, mdogo hunyamaza, na ikiwa hakubaliani naye hutafuta njia ya kuzunguka, kupitia kwa mjomba au kwa rafiki wa mkubwa huyo. Ni adabu nzuri mezani na msibani. Milimani inafanya watu kumi wawe na macho mawili. Sidhani kwamba Wazungu wako salama nayo. Katika kozi yangu kulikuwa na madaktari na wahandisi walionyamaza siku nzima kwa sababu mmoja wetu alikuwa amepanda Mont Blanc, mlima mrefu kuliko yote ya Alpi. Dawa inayofundishwa ni ya utaratibu, haitegemei ujasiri wa mtu. Kabla ya kila mteremko mkubwa kundi linasimama mahali salama, na kila mmoja anasema anavyoona, akianza mwenye uzoefu mdogo kuliko wote. Kiongozi husema mwisho. Asiyetaka kuendelea anasema hapana, wala halazimiki kutoa hoja, na hapana moja inatosha kuwarudisha wote.

Nilipoanza kutumia utaratibu huo huku kwetu, na vijana wanaobeba mizigo, walidhani nawapima. Niliwauliza njia inaonekanaje, wakatazamana, wakacheka, mmoja akajibu, "Papa, wewe ndiye unajua." Ilichukua muda hadi akaja mwingine aliyesema kwa sauti ya chini kwamba ukungu ulivyoshuka haukumpendeza, tukarudi, na hakuna aliyemcheka. Tangu hapo wananiambia mapema zaidi kuliko ninavyouliza. Wageni waliolipa ndio hupata shida na jambo hili, kwa kuwa hufikiri kwamba kijana wa mizigo hakulipwa ili atoe maoni.

Kuhusu ngazi za hatari, kuna jambo ambalo mwanafunzi wa ngazi ya kwanza hulisikia bila kuliamini: katika Alpi watu wengi zaidi hufa siku za ngazi ya tatu kuliko siku za ngazi ya nne au ya tano. Siku ya tano barabara zimefungwa na kila mtu yuko nyumbani. Siku ya tatu jua limetoka, theluji ni mpya, namba iko katikati ya kipimo, na katikati inasikika kama wastani. Lakini kila hatua ya kipimo hicho huzidisha hatari, kwa hiyo tatu haiko nusu ya njia kama jicho linavyodhani. Wakazi wa Goma tunaijua tabia hii ya akili. Nyiragongo ina rangi zake nne, kijani, njano, chungwa na nyekundu, na mji ulioishi muda mrefu chini ya njano huacha kuiona. Tena rangi haiahidi kitu: mlipuko wa tarehe 22 Mei 2021 ulikuja jioni, na hakuna amri ya kuhama iliyoutangulia. Taarifa ya theluji pia huzungumzia eneo zima la milima. Kuhusu mteremko ambao wewe umesimama juu yake haisemi neno, na kazi ya kuijaza nafasi hiyo ndiyo ngazi ya pili inayoifundisha.

Uokoaji nao hubadilika. Katika ngazi ya kwanza hufukiwa arva moja ndani ya mfuko, nayo hupatikana kwa shangwe. Katika ya pili hufukiwa mbili au tatu, kina tofauti, mwalimu anaongeza "majeruhi" anayepiga kelele, na kundi linaambiwa lianze. Takwimu za Uswisi zilizochapishwa 1994 zilionyesha kwamba zaidi ya tisa kati ya kumi ya waliofukuliwa ndani ya dakika 15 walikuwa hai, na ilipofika dakika 35 walibaki watatu hivi kati ya kumi. Uchambuzi wa karibuni unaifupisha nafasi hiyo ya kwanza hadi dakika 10 tu. Helikopta haifiki ndani ya muda huo. Waliopo ndio waokoaji, nao ni wale wale waliotoka kushtuka.

Kwa hiyo zoezi linahusu mpangilio kuliko mbio. Mmoja anasimama na kuamuru bila kushika chochote. Hilo huwauma sana wanaume wenye nguvu. Anahesabu watu, anahakikisha wasiotafuta wamezima utumaji wa ishara ili wasimvuruge anayetafuta, anatazama kama juu kumebaki theluji inayoweza kushuka tena. Anayetafuta hukimbia hadi apate ishara, hupunguza mwendo kadiri namba zinavyoshuka, na mita tatu za mwisho huinama arva ikigusa theluji. Sonda huingizwa kwa mzunguko unaopanuka, kila tundu sentimita 25 kutoka kwa lililotangulia, na ikigusa mtu haichomolewi. Kisha koleo, ambalo ndilo linalokula dakika nyingi kuliko kazi nyingine zote, maana kumfikia mtu aliye mita moja chini huweza kudai kuhamisha zaidi ya tani moja ya theluji iliyoshikamana kama saruji. Hawachimbi juu ya sonda. Huanza upande wa chini wa mteremko na kuingia kwa ubavu, wamejipanga kwa umbo la ncha ya mshale, wa mbele anakata, wa nyuma wanasukuma nje, na hupokezana kabla mtu hajachoka. Uso ukionekana, kinywa na pua husafishwa kwanza, na anayechimba hutazama kama mbele ya mdomo palikuwa na nafasi ya hewa, kwa sababu daktari ataliuliza hilo.

Waliofukiwa wakiwa wawili na waokoaji wakiwa wachache, hufundishwa kuanza na aliye karibu na asiye na kina kirefu. Darasani kanuni hiyo inaandikwa kwa dakika moja. Katika zoezi, jina la aliyeachwa chini likiwa linajulikana, nimeona mtu mzima akikataa kuitii ingawa kilichofukiwa ni mfuko.

Mpwa wangu aliyeko Grenoble alikuwa ameweka akiba ili anunue mfuko wa hewa, ule wa mgongoni unaofumuka mtu akivuta kishikio. Nilimwambia kwamba si kitu cha kudharau, maana humsaidia mtu abaki karibu na uso wa theluji, ila haumlindi dhidi ya miamba na miti, na kule Kanada karibu robo ya wanaouawa na maporomoko huuawa na majeraha. Akiba ile ingetosha kozi ya pili. "Tonton, mfuko unauona, kozi huioni," akanijibu, na sikuweza kumbishia. Mwishowe alikubali kwa sharti ambalo nimelichukua kuwa ushauri kwa wengine: wale wenzake wawili anaopanda nao kila Jumamosi wajiandikishe pamoja naye. Kozi inayomrudisha mtu mmoja mwenye utaratibu ndani ya kundi lisilo na utaratibu humletea ugomvi tu.

Kabla ya kulipa, waulize waandaaji siku ngapi ni za nje na ngapi za darasani, kama wanafunzi wataongoza njia wenyewe, na kama zoezi la uokoaji lina zaidi ya mtu mmoja aliyefukiwa. Acheni walau msimu mmoja upite kati ya ngazi hizo mbili, mkiwa mmetembea, mmesoma taarifa kila asubuhi na kuandika mlichokiona. Na kwa kuwa nimeona simu za vijana wetu zilivyo karibu na mioyo yao: simu ikae angalau sentimita 20 kutoka kwenye arva wakati wa kutembea, na sentimita 50 wakati wa kutafuta, afadhali ikiwa imezimwa. Betri ziwe za aina ambayo mtengenezaji wa arva ameiruhusu, mpya mwanzoni mwa majira, na zitolewe majira yakiisha, kwa sababu betri ikivuja ndani huharibu vishikizo vyake na kifaa kinaweza kukataa kuwaka Desemba inapofika.